Kuandaa onyesho la muziki na mchezo wa kuigiza Kisumu: mwongozo kamili, kuanzia ukumbi hadi kufunga mlango

Malalamiko ni yale yale kila mwezi. Bango lilisema saa kumi na moja, pazia likafunguliwa saa mbili usiku. Midomo ya waigizaji ilionekana ikicheza lakini sauti iliishia safu ya tatu. Bendi ilipanda saa nne, na kufikia hapo nusu ya ukumbi ilikuwa imeshakimbilia matatu ya Ahero. Kesho yake waandaaji wanasema watu wa Kisumu hawapendi michezo ya kuigiza.

Wanapenda. Kinachowashinda ni onyesho lenye vitu viwili vinavyogombea jukwaa moja, mikisa moja (mashine ya kuchanganya sauti) na umeme mmoja, bila mtu aliyekaa chini kupanga nani atangulie na kwa nini. Mwongozo huu ni wa ukumbi wa viti 200 hadi 250, mchezo wa dakika 55, mpiga nyatiti mmoja (ala ya nyuzi ya Waluo) na bendi moja ya benga, muziki wa dansi wa magitaa. Walio Nakuru wenye bahati ya kupata jukwaa la Nakuru Players wataruka baadhi ya kazi za taa na pazia. Anayekodi ukumbi wa kijamii Kisumu, Kakamega au Busia asiruke chochote.

## Mahitaji

Yaandike yote kwenye karatasi moja kabla ya kulipa hata shilingi.

- Ukumbi wenye jukwaa la upana wa angalau mita 6 na kina cha mita 5. Kina ndicho muhimu zaidi. Sababu iko hatua ya 4.
- Spika kuu mbili, sabu (spika ya besi) moja au mbili, na monita tatu za kuwarudishia wasanii sauti.
- Mikisa ya chaneli (njia za kuingiza sauti) 24, au ya 16 iliyohesabiwa vizuri.
- Maiki sita za kuimbia na tatu za ala, tatu bapa za kulaza sakafuni, na moja isiyo na waya ya mshereheshaji, pamoja na betri mpya za akiba.
- Visanduku vya DI (vya kuunganisha ala na mikisa bila maiki) vitatu au vinne kwa ajili ya besi, kinanda na kompyuta.
- Taa za LED 8 hadi 12 na nguzo mbili imara.
- Jenereta ya kVA 10, mafuta, swichi ya kubadilishia umeme, na UPS ndogo (betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika).
- Kebo za umeme za milimita mraba 2.5, na utepe wa kunata wa kitambaa.
- Pazia au kitambaa cheusi cha kukata jukwaa katikati.
- Namba ya tili ya kupokea malipo ya M-Pesa, daftari la mlangoni, na bangili za karatasi au muhuri wa mkononi.
- Watu: meneja wa jukwaa, fundi wa sauti, fundi wa taa, wawili wa mlangoni na wawili wa kupanga watu vitini.

Ukikosa pesa, punguza taa. Usimwondoe meneja wa jukwaa. Huyu haigizi, haimbi wala hauzi tiketi. Ameshika saa na orodha, na hata mwenye onyesho humtii.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa kabla ya wasanii (wiki 8 kabla)

Wengi huanza na msanii, kisha wanatafuta siku inayomfaa yeye. Anza na siku inayomfaa mtazamaji.

Jumamosi inaonekana nzuri hadi uhesabu wanaoizuia: matanga ya mashambani, Wasabato ambao hawatoki kabla ya jua kutua, na mpira wa Uingereza jioni. Jumapili saa kumi na moja jioni inashinda kwa mji huu. Ibada zimeisha, waliosafiri kwa mazishi wamerudi, na familia inaweza kuja na watoto. Chagua Jumapili iliyo karibu na mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Machi na Aprili waigizaji wengi wazuri na walimu wao wako kwenye tamasha za drama za shule, kwa hivyo usiwategemee.

Maliza saa mbili usiku. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu mchana hadi saa mbili usiku. Baada ya hapo kiwango cha sauti kinachoruhusiwa kinashuka sana. Isitoshe, mtu wa Nyamasaria au Maseno akiwa na uhakika wa gari la kurudi hakai akichungulia saa.

Ratiba inayofanya kazi ni hii:

- Milango: saa 10:15 alasiri
- Mchezo: saa 11:00 hadi 11:55 jioni
- Mapumziko: dakika 20
- Nyatiti: saa 12:15 hadi 12:40
- Bendi: saa 12:45 hadi 1:55 usiku

Mchezo unatangulia kwa sababu masikio yaliyotoka kwenye ngoma na besi hayarudi kusikiliza maneno. Ukiweka bendi kwanza, waigizaji wataanza mbele ya watu waliosimama, wanaotafuta soda, wanaopiga gumzo.

Onyo: Kwenye bango andika "saa 11 jioni" na pia 5:00 pm. Ukiandika "saa 11" peke yake, kuna atakayefika kabla ya chakula cha mchana na kuna atakayefika usiku wa manane.

## Hatua ya 2: Kagua ukumbi kwa masikio (wiki 8 hadi 7 kabla)

Nenda na mtu mmoja. Mwache jukwaani asome ukurasa mmoja kwa sauti ya kuigiza, si ya kupiga kelele, wewe ukae kiti cha mwisho. Washa feni zote. Ukipoteza neno moja kati ya matano, utahitaji maiki za sakafuni au ukumbi mwingine.

Piga makofi mara moja katikati ya ukumbi. Mwangwi ukikurudia kama mlio wa mpira wa tenisi, kuta ni tupu mno. Tundika vitambaa vizito ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na spika. Mapazia ya kukodi ya harusi yanasaidia. Turubai ya plastiki haisaidii kitu.

Tazama dari. Kisumu mvua za radi hupenda jioni, na mabati yasiyo na dari chini yake yanameza mchezo wote. Kwa hivyo panga mapema: mvua kubwa ikishuka kabla ya saa kumi na moja, nyatiti na bendi, zenye spika, zinatangulia kwa dakika 30, kisha mchezo unaingia mvua ikipungua. Waambie wasanii wote mpango huu wiki nzima kabla. Ukiwaambia siku yenyewe utapata ubishi, na ubishi unakula saa.

Kabla hujalipa kumbi kama Kituo cha Kijamii cha Mama Grace Onyango au ukumbi wowote wa umma, pata majibu haya kwa maandishi: mtafunguliwa saa ngapi asubuhi, umeme na maji vimo kwenye kodi, nani ana funguo za milango ya dharura, na amana inarudi lini. Ukumbi unaofunguliwa saa nane mchana kwa onyesho la saa kumi na moja haufai, hata ukipewa bure.

## Hatua ya 3: Hesabu, mikataba na vibali (wiki 7 hadi 5 kabla)

Bei ya tiketi haitoki hewani. Jumlisha gharama zote, ugawe kwa asilimia 60 ya viti. Mfano: gharama ni shilingi 90,000 na viti ni 250. Asilimia 60 ni viti 150, na 90,000 ukigawa kwa 150 unapata 600. Hiyo ndiyo bei ya kurudisha pesa tu. Kama mtaa wako hauwezi 600, kata gharama. Usijidanganye kwamba ukumbi utajaa.

Mkataba wa bendi uwe ukurasa mmoja: dakika za kucheza, idadi ya watu, nani analipa nauli na chakula, vifaa wanavyokuja navyo, nusu ya malipo sasa na nusu kabla ya kupanda jukwaani. Sehemu ya dakika isisahaulike. Wimbo mmoja wa benga unaweza kwenda dakika kumi mpiga solo akishikwa na raha, na ukimlipa mtu kwa hesabu ya nyimbo utalala ukumbini.

Vibali vya kushughulikia:

- Hakimiliki ya muziki. Uliza bodi ya hakimiliki, KECOBO, ni shirika gani lenye leseni ya kukusanya mirabaha mwaka huu. Hubadilika, na kulipa shirika lisilo na leseni ni kutupa pesa.
- Hakimiliki ya mchezo. Kama ni tamthilia iliyochapishwa, hasa ya kutahiniwa, mwandikie mchapishaji. Kununua nakala ya kitabu hakukupi ruhusa ya kukiigiza kwa kiingilio.
- Kelele na burudani. Nenda ofisi ya kaunti ya mazingira na ile ya utamaduni. Beba barua ya ukumbi.
- Polisi. Peleka barua ya taarifa kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa kituo kilicho karibu na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.
- Mabango. Kubandika barabarani hulipiwa kaunti. Usibandike kwenye nguzo za umeme.

Hatua hii imefaulu ikiwa nakala zote ziko kwenye faili moja ambayo siku ya onyesho itakaa mlangoni. Afisa akija usiku akakuta vibali viko kwenye simu ya mtu aliyeko jukwaani, onyesho linasimama.

## Hatua ya 4: Chora jukwaa na hesabu chaneli (wiki 4 kabla)

Hapa ndipo maonyesho mengi hufia, na hufa wiki nne kabla bila mtu kujua.

Gawa jukwaa kwa kina. Mita 2.5 za nyuma ni za bendi: ngoma, amplifaya na kinanda vikiwa vimefungwa na kupimwa tangu mchana. Pazia jeusi linapita mbele yake. Mita 2.5 za mbele ni za mchezo. Mchezo ukiisha pazia linavutwa, na bendi iko tayari. Bila mgawanyo huu utatumia dakika 50 kubeba ngoma mbele ya watu.

Sasa hesabu chaneli. Bendi kamili: ngoma 4, besi 1, magitaa 2, kinanda 2, waimbaji 3. Jumla 12. Nyatiti inataka 3: moja kwenye sanduku la ala, moja ya sauti ya mwimbaji, moja chini karibu na mguu. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu na kuigonga kwenye ala, na njuga mguuni. Ukiacha mguu bila maiki umepoteza mdundo wote. Hapo ni 15. Mshereheshaji ni 16. Mikisa imejaa na mchezo haujapata hata moja.

Kodi ya chaneli 24, au punguza hivi: ngoma 2 (ile kubwa ya kupigwa kwa mguu na moja ya juu), besi 1, magitaa 2, kinanda 1, waimbaji 3, nyatiti 2 (maiki ya chini ikae inchi chache kutoka ukingo wa ala, ishike nyuzi na pete kwa pamoja), mshereheshaji 1, mchezo 3, kompyuta ya milio 1. Jumla 16 kamili.

Onyo: Mikisa iliyoandikwa 16 mara nyingi ina matundu 10 tu ya maiki, yaliyobaki ni jozi za stirio. Hesabu matundu kwa kidole kabla ya kulipa.

Ukiweka orutu (fidla ya Waluo) badala ya nyatiti, kumbuka ina uzi mmoja na sauti nyembamba. Isimamishe mbali na ngoma za ohangla, mita tatu au zaidi, la sivyo maiki yake itashika ngoma peke yake.

## Hatua ya 5: Tangaza (wiki 4 hadi siku 2 kabla)

Bango libebe siku na tarehe, saa, ukumbi pamoja na alama ya kuutambua, bei, namba ya tili na jina litakalotokea mtu akilipa. Jina likiwa tofauti na lile la onyesho, watu huogopa matapeli na kuacha.

Redio za hapa, kama Radio Lake Victoria na Mayienga, hufika kwa watu wasioona mabango ya mtandaoni. Nenda na mwigizaji mmoja na mpiga nyatiti, si na barua. Dakika mbili za nyatiti hewani zinauza kuliko tangazo la kusomwa.

Uza tiketi za mapema kwa bei ya chini hadi Ijumaa jioni, na ushikilie hapo. Ukipunguza bei mlangoni mwezi huu, mwezi ujao hakuna atakayenunua mapema.

## Hatua ya 6: Umeme (siku 3 kabla, na asubuhi ya siku)

Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba takriban wati 3,100. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa pale waya wa umeme unapoingia, si zile za matangazo zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele. Taa 12 za LED za wati 60 ni wati 720 tu; hazitakusumbua. Zile za zamani za wati 1,000 kila moja zitaangusha fyuzi kabla ya salamu.

Taa zitoke soketi moja na sauti soketi nyingine. Zikichanganywa, spika huvuma kila taa ikipunguzwa. Kebo ya kuzungushwa ifunguliwe yote. Ikibaki imezungushwa inaweza kupata moto na kuyeyuka.

Jenereta ya kVA 10 hutoa karibu wati 8,000. Itumie chini ya 5,600 ili isiyumbe bendi ikipiga kwa nguvu. Iweke mita 20 au zaidi nje, moshi ukielekea mbali na milango. Mikisa na kompyuta zikae kwenye UPS, maana mikisa ya dijitali ikizimika huchukua dakika moja au zaidi kuamka, na ukumbi wa giza hauna subira hiyo.

Onyo kubwa: Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili "kulisha" ukumbi. Umeme unarudi kwenye laini ya Kenya Power na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Tumia swichi ya kubadilishia, ifungwe na fundi aliyesajiliwa. Vilevile usikate waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ili kuondoa mvumo. Mpiga gitaa akigusa maiki kwa midomo anaweza kupigwa na shoti.

Jaribu kwa kuzima swichi kuu makusudi. Sauti ikirudi ndani ya dakika moja, mko sawa.

## Hatua ya 7: Kupima sauti na mazoezi ya mwisho (siku yenyewe)

Saa 3 asubuhi, vifaa vinaingia. Saa 5, bendi inapima. Saa 7 mchana, nyatiti. Saa 8, mchezo mzima na taa. Saa 10:00, jukwaa limefungwa na hakuna anayegusa kitu. Bendi inapima kwanza ingawa inacheza mwisho, kwa sababu vifaa vyake viko nyuma na havitaguswa tena.

Spika kuu zikae mbele ya mstari wa maiki, midomo ya spika ikiwa juu ya vichwa vya waliokaa, zikielekezwa kwa watu wala si ukutani. Kisha ondoa fidibaki, ule mlio mkali wa maiki kusikia spika yake. Pandisha sauti ya maiki moja polepole hadi ianze kulia. Tafuta masafa yanayolia kwenye ekwalaiza (sehemu ya mikisa ya kupandisha na kushusha masafa), yashushe desibeli 3 hadi 6. Rudia mara mbili. Sasa shusha sauti yote kwa desibeli 3 na uache hapo. Ukikata masafa kumi, sauti itakuwa ya simu ya zamani.

Maiki bapa za mchezo zilazwe ukingoni mwa jukwaa juu ya kipande cha sponji, kata besi yote iliyo chini ya hezi 100, vinginevyo utasikia viatu kuliko maneno. Zizimwe pale bendi inapoanza. Andika mipangilio ya kila kitengo, au uihifadhi kama mikisa ni ya dijitali. Fundi anayesema "nitakumbuka" hatakumbuka.

Kwa taa, weka nguzo mbili pande za mbele, kila moja ikimwangaza mwigizaji kwa mshazari. Tumia mwanga wa manjano hafifu usoni. Bluu peke yake hufanya nyuso zetu zipotee gizani. Rangi ni za nyuma na za bendi.

Kipimo cha mafanikio: mtu wa kiti cha mwisho asimulie tukio la kwanza la mchezo kwa usahihi, feni zikiwa zinazunguka.

## Hatua ya 8: Mlango na jukwaa

Mlangoni usikubali ujumbe wa M-Pesa unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa uongo unaandikwa kwa sekunde chache. Tazama malipo kwenye simu au programu ya tili yenyewe, andika herufi na tarakimu nne za mwisho za msimbo kwenye daftari, kisha funga bangili. Watu wawili: mmoja anathibitisha, mmoja anafunga. Mmoja akifanya yote mawili foleni itafika barabarani.

Milango ya dharura iwe wazi, bila kufuli na bila viti. Njia ya katikati iwe na upana wa watu wawili kupishana.

Saa kumi na moja kamili, anza, hata kama viti 80 ndivyo vimejaa. Waliowahi wanastahili heshima, na waliochelewa hujifunza haraka kuliko unavyodhani. Wanaochelewa waingie kati ya maonyesho, si katikati ya sentensi ya mwigizaji.

Mshereheshaji apewe maneno matatu tu ya kazi: karibu, mapumziko ni dakika ishirini, na huyu anayefuata ni fulani. Mshereheshaji mchekeshaji anayeachiwa maiki wakati wa mapumziko atakula robo saa ya bendi, nayo bendi itadai walilipwa kwa dakika 70. Watakuwa na haki.

Dakika kumi kabla ya mwisho, meneja wa jukwaa anamwonyesha kiongozi wa bendi kadi yenye namba 10, baadaye 5, kisha 1. Makubaliano haya yafanywe wakati wa kupima sauti, uso kwa uso.

## Hatua ya 9: Kufunga

Washa taa za ukumbi mara tu wimbo wa mwisho unapokwisha. Panga tuktuk kadhaa mapema langoni kwa wazee na wenye watoto. Hesabu kebo na maiki kabla gari la vifaa halijaondoka, mbele ya mwenye vifaa, na atie sahihi. Linganisha bangili zilizotumika na jumla ya tili usiku huohuo. Tofauti ya watu wawili watatu ni kawaida, tofauti ya ishirini ni mlango uliovuja.

Bendi ilishalipwa kabla ya kupanda; wengine wote walipe kiasi kilichobaki kabla ya kulala, na mwandikie mwenye ukumbi ujumbe wa kudai amana yako, ukiambatanisha picha za ukumbi uliofagiwa.